Kivuli ni cha Nani?

Watu wa Kitale, tunaposikia habari za joto, hupenda kujiliwaza kwa kusema kwamba jua kali ni la Lodwar, na sisi ni watu wa baridi. Maneno hayo yana ukweli wake, na ukweli huo ndio unaoyafanya yawe ya hatari. Mji wetu umekaa katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Asubuhi ya Julai mtoto huvaa sweta mbili akaenda shule, na pumzi humtoka kinywani kama moshi. Aliyezoea asubuhi za namna hiyo haamini upesi kwamba pale pale, katika mwezi wa Februari, saa saba za mchana, jua laweza kumwangusha mtoto uwanjani. Lakini laweza. Nia yangu katika insha hii, ewe msomaji, ni kukuonyesha kwamba mtoto huyo aangukapo, mara nyingi wa kulaumiwa si jua. Wa kulaumiwa ni saa tuliyomchagulia, maji tuliyomnyima, na kivuli tulichojitwalia sisi wakubwa.

Kwanza tulitazame jua lenyewe. Kitale iko karibu na ikweta, kiasi cha digrii moja tu upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kila mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Kiangazi chetu huanza Desemba, kikaendelea mpaka mvua za masika ziingie. Basi wakati mbingu hazina wingu ndio wakati jua linapokaribia kusimama wima juu ya vichwa vyetu. Joto la hewa hufika karibu nyuzi 28, na asiyejua atasema kwamba hizo si nyingi. Na akumbuke kwamba kipimo hicho huchukuliwa kivulini, na watoto wetu hawachezi kivulini. Tena hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, miale ile isiyoonekana ya jua, iunguzayo ngozi na kudhuru macho, huongezeka kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha miale hiyo, ambacho daraja lake la mwisho huanzia 11. Katika nyanda za juu za Kenya, mchana wa kiangazi, daraja hilo hufikiwa na kupitwa. Na upepo wa baridi utokao mlimani, ambao tunaushukuru, hukausha jasho kabla mtoto hajaliona, hata akapoteza maji mengi huku akidhani kwamba hajatoka jasho.

Sasa tazama kalenda ya shule. Muhula wa kwanza huanza Januari, katikati ya kiangazi hicho hicho, na muhula huo ndio wa riadha. Watoto hutoka likizoni, miili imelegea, na baada ya siku chache huitwa uwanjani kuteuliwa. Wataalamu wa mwili wasema kwamba binadamu huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi yanayopanda kidogo kidogo kabla mwili wake haujazoea kufanya kazi ngumu katika joto, na kwamba watoto huchelewa zaidi kuzoea kuliko watu wazima. Sisi huwapa siku mbili, kisha tukawaita wavivu.

Yafaa ujue jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa maana anayejua hatawaliwi na uvumi. Mwili wa mtu hupenda kukaa katika nyuzi 37. Msuli ufanyapo kazi ni kama jiko: katika kila sehemu nne za nguvu uitumiayo, karibu tatu hugeuka kuwa joto, na moja tu ndiyo imsukumayo mkimbiaji. Joto hilo lazima litoke, na mlango wake mkubwa ni jasho likaukapo juu ya ngozi. Mtoto mdogo ana ngozi nyingi kwa kulinganisha na uzito wake; hivyo jua likiwa kali sana huchukua joto kwa upesi kutoka nje, na jasho lake ni dogo kuliko la mtu mzima. Zaidi ya hayo, mtoto hajui kujipima. Mchezo ukikolea husahau kiu. Na kama mwalimu amesimama na filimbi, hata akiikumbuka huogopa kuisema. Basi kichwa huanza kumwuma, macho yakaingia kiwi, moyo ukamwenda mbio, akataka kutapika. Akiachwa aendelee, joto la ndani ya mwili huweza kufika nyuzi 40 na kupita. Hapo huanza kusema maneno yasiyo na maana, akapepesuka, akaanguka. Hali hiyo huua, na anayepona huenda akabaki na madhara katika ubongo au figo.

Nikisema hayo, wako watakaonijibu kwa methali. Watasema, "Samaki mkunje angali mbichi," maana yake mtoto na azoeshwe taabu mapema ili awe shujaa. Naikubali methali, lakini naomba tuisome vizuri. Imesema samaki akunjwe, haikusema akaangwe. Kumzoesha mtoto taabu kwa kipimo, siku kwa siku, akipumzika na kunywa maji, huko ni kumkunja. Kumtia katika jua la saa saba bila tone la maji ni kumkaanga, na samaki aliyekwisha kukaangwa hakunjiki tena, huvunjika.

Ushujaa ni neno ambalo watu wa pande zetu hawahitaji kufundishwa. Hapa jirani, Bungoma, Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti, katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana husimama mbele ya kisu asipepese jicho, na wageni wote wakamtazama. Je, wazee hao wachungu wa ushujaa wamechagua saa gani kwa kazi hiyo? Wamechagua alfajiri, mwili wa kijana ukiwa umepakwa tope baridi la mtoni, katika mwezi ambao si wa jua kali. Mchungaji wa Turkana naye, aishiye katika nchi ya joto kuliko yetu, mchana ukiwa mkali hutafuta mgunga akaketi chini yake, na mifugo yake ikapumzika pamoja naye. Hakuna amwitaye mwoga. Ajabu iliyoje kwamba mbuzi wa Turkana ana saa ya kivuli, na mwanafunzi wa Kitale hana!

Watasema tena kwamba Kenya ni nchi ya mabingwa wa mbio, na kwamba mabingwa huzaliwa katika jua. Nenda Iten ukawatazame mabingwa hao. Utawakuta barabarani makundi kwa makundi alfajiri, kabla jua halijapanda. Wao wanajua thamani ya miili yao. Septemba 2019, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Doha, mbio za marathoni za wanawake zilianza usiku wa manane kwa kulikwepa jua. Hata hivyo, katika wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakufika mwisho, kwa sababu ya joto na unyevu wa hewa. Hao hawakuwa watoto wa darasa la nne. Walikuwa wanawake waliochaguliwa miongoni mwa mataifa. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, marathoni iliondolewa mji ule ikapelekwa Sapporo, kiasi cha kilomita 800 upande wa kaskazini, kwa hofu ya joto hilo hilo. Huko Wakenya Peres Jepchirchir na Eliud Kipchoge walishinda, na hakuna aliyesema kwamba medali zao ni za waoga kwa kuwa mbio zilianza mapema asubuhi. Ikiwa dunia nzima yaweza kuhamisha mbio kilomita 800 kwa ajili ya watu wazima, je, sisi hatuwezi kuhamisha mbio za watoto kutoka saa saba mchana hadi saa mbili asubuhi?

Kuna jambo lililo baya kuliko mbio za saa mbaya, nalo ni jua kufanywa kiboko. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumwumiza mwili au kumtesa moyo. Baadhi ya watu walipokatazwa fimbo walitazama juu wakaliona jua. Mtoto aliyechelewa huambiwa apige magoti katikati ya uwanja. Aliyesahau daftari huzungushwa uwanja mara kumi mchana. Mwenye kuamuru hivyo hujiona ametii sheria kwa kuwa mkono wake haukugusa mtu. Lakini fimbo huacha alama ikaonekana, na mzazi akaiuliza. Jua huumiza ndani, na mtoto akienda nyumbani na homa, mzazi husema ni malaria. Adhabu isiyoacha alama ni adhabu ya mtu anayejua kwamba anakosea. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa asitendewe wala asiadhibiwe kinyama, na haikuandika kwamba haki hiyo husimama jua linapowaka.

Na sasa nifike katika jambo linaloniudhi kuliko yote, ambalo wewe mwenyewe umeliona mara nyingi hata huenda umekoma kuliona. Ifikapo siku ya michezo au siku ya wazazi, shule hukodi hema. Hema husimamishwa mahali pazuri, viti hupangwa, meza hutandikwa kitambaa, chupa za maji zikawekwa juu yake. Chini ya hema hukaa mgeni wa heshima, kamati ya shule na walimu wakuu. Mbele yao, juu ya nyasi zilizokauka, katika jua tupu, huketi watoto. Wameketi hapo tangu saa tatu, kwa maana mgeni alisema atafika saa nne. Mgeni hufika saa sita. Hotuba huanza, na kila msemaji huwapongeza watoto kwa utulivu wao. Huo si utulivu, ni kiu. Kisha, ikikaribia saa nane, watoto wa darasa la tatu wasiokunywa maji tangu asubuhi huambiwa wasimame wakimbie mita mia, ili mgeni afurahi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni wa siku hizi huja, na watoto wa mwenyeji wakaugua. Simlaumu mgeni peke yake, kwa kuwa huenda hajui. Nawalaumu wapangao viti. Mtu mzima mwenye afya, aliyefika kwa gari na kuketi, ndiye ahitajiye kivuli kidogo kuliko watu wote uwanjani. Naye ndiye tunayempa chote. Tumekigeuza kivuli kuwa cheo, kana kwamba jua huogopa wakubwa na kuunguza wadogo kwa haki. Nasema kwamba shule iliyo na hema moja tu, hema hilo ni la watoto. Mgeni akiona vibaya kuketi juani, atafupisha hotuba yake, na hiyo itakuwa faida ya pili.

Hapa huinuka mtu wa hesabu, akauliza fedha zitatoka wapi na muda utatoka wapi. Namjibu kwa upole, maana swali lake ni la haki. Kubadili saa hakuna gharama. Mbio zikianza saa moja na nusu asubuhi zikasimama saa nne, kisha zikaendelea baada ya saa tisa, shughuli yote yaweza kumalizika bila mtoto kukimbia chini ya jua la utosi. Maji hayana gharama kubwa: mtungi uliooshwa, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kikombe cha kila mtoto. Iko imani ya zamani kwamba anayekunywa maji katikati ya mchezo huwa mzito au hupatwa na kichomi. Mtoto anayecheza katika joto anahitaji kunywa kidogo kila robo saa au dakika 20, asingoje kiu. Anayemnyima hamfunzi subira, anamkausha.

Kivuli nacho hupandwa. Kitale si mji usiojua miti. Mwaka 1983 mradi wa Vi, uliotoka Uswidi, ulianza kazi ya kupanda miti katika West Pokot, na jina lake likajulikana sana mjini kwetu. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yana msitu mdogo wa miti ya asili wenye njia ya kupita ndani yake. Ingia humo mchana ukitoka juani, na ngozi yako itakufundisha kwa dakika moja niliyoyaandika kwa kurasa nzima. Lakini zitazame shule nyingi: miti iliyopo ni mikalitusi iliyopangwa ukutani kwa ajili ya kuni na nguzo, mirefu na myembamba, isiyomfunika hata kuku. Mti wa kivuli hupandwa kando ya uwanja, mahali watoto wanapongojea zamu yao. Darasa moja likipanda miti kumi na kuitunza, wadogo zao watakaa chini yake kabla hawajamaliza shule.

Yuko pia mtoto ambaye habari hii yote kwake ni nzito maradufu, naye ni mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake na macho yake hayana rangi ya kutosha ya kumkinga, na jua analopewa leo kwa uzembe huweza kumrudia ukubwani likiwa saratani. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kwake si mapambo. Serikali yenyewe ilitambua hivyo ilipoanzisha, kwa mkono wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, mpango wa kuwapa mafuta hayo. Ni aibu kwa shule kumvua mtoto huyo kofia kwa sababu ati si sehemu ya sare.

Wala asiseme mtu kwamba nataka watoto wafungiwe ndani. Mchezo ni haki ya mtoto kama chakula, na darasa la mabati lisilo na dari, mchana wa Februari, ni tanuri. Nataka wacheze sana, wacheze kila siku, lakini wacheze saa ambayo mchezo huwajenga.

Tukipuuza hayo, mambo hayatatungojea. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa duniani. Mwezi wa Machi mwaka huo, jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule zote nchini kwa kuhofia joto la kufika nyuzi 45. Na mwezi wa Februari 2025 walizifunga tena kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzirai katika mji wa Juba. Kitale si Juba, na Mungu atuepushe. Lakini jirani akinyolewa, wewe tia maji kichwa chako. Na safari hii methali yapasa ifuatwe neno kwa neno.

Huenda utauliza, ewe msomaji, kwa nini nimekuandikia wewe, nawe huna filimbi wala hema. Nimekuandikia kwa sababu wewe ndiye nahodha wa timu, kiranja wa zamu, na kaka au dada wa wadogo wachezao uani Jumamosi. Baada ya miaka michache wengine wenu mtakuja katika vyuo vya ualimu, mkakabidhiwa filimbi. Basi jifunze sasa. Mwenzako akiona kizunguzungu au akisema ovyo, usimcheke. Mpeleke kivulini. Mvue viatu na nguo nzito, mmwagie maji mwilini, hasa shingoni na kwapani, mpepee bila kukoma. Kama ana akili zake timamu, mpe maji anywe kidogo kidogo. Kama amepoteza fahamu au amechanganyikiwa, usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, mwite mtu mzima, apelekwe hospitali upesi huku mkizidi kumpoza njiani. Dakika za kwanza zina thamani kuliko dawa za baadaye.

Na jifunze kusema. Kumwambia mwalimu kwa adabu, "Mwalimu, watoto hawa hawajanywa maji," si utovu wa heshima. Heshima inayonyamaza mtoto akianguka haina jina jema. Uliza ratiba imepangwa na nani. Uliza hema limewekewa nani. Siku utakapoalikwa wewe kuwa mgeni wa heshima, na siku hiyo yaweza kufika, fika kwa saa uliyoahidi, sema machache, na kabla hujaketi waulize wenyeji wako watoto watakaa wapi.